Jino Moja la Mkanda

Katika vyombo vingi ambavyo mwanadamu amevitengeneza, sehemu inayosifiwa sana siyo inayotunza uhai wa chombo. Gari husifiwa kwa rangi yake, kwa nguvu zake za kupanda mlima, na kwa uzito wa mzigo linaoweza kuchukua. Ni watu wachache wanaousifu mkanda mmoja wa mpira, mweusi na mwembamba, ukaao gizani nyuma ya kifuniko na kufanya kazi pasipo kuonekana. Walakini siku mkanda huo ukatikapo, rangi haisaidii, nguvu hazisaidii, na mzigo hulala njiani. Nyumba za watu nazo zina mikanda ya namna hii. Kila nyumba ina jambo dogo lisilotajwa mbele ya wageni, ambalo likilegea, wote waliomo huacha kwenda pamoja.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mshangano, katika Manispaa ya Songea, alilijua jambo hili kwa akili yake kwa miaka mingi. Alilijua kwa mikono yake katika siku mbili za mwezi wa Julai, alipobadilisha mkanda wa taimingi wa gari lake nyumbani kwake, chini ya mwembe.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Hilux ya dizeli, ya kizazi cha miaka ya 1990, lenye bodi iliyokwisha kupigwa rangi mara mbili na viti vilivyoshonwa upya na mke wake. Mwalimu alilinunua kwa kiinua mgongo chake, kutoka kwa mtu aliyelitumia kabla yake. Halikuwa gari la fahari. Wakati wa mavuno lilichukua mahindi kutoka shambani. Wakati wa kupanda lilichukua mbolea. Na usiku, mgonjwa alipozidiwa katika nyumba za jirani, mlango uliobishwa ulikuwa mlango wa Mwalimu. Kwa hiyo gari lilikuwa lake kwa karatasi, bali kwa matumizi lilikuwa la mtaa mzima.

Mwanzo wa habari ulikuwa taa. Mwalimu alikuwa anarudi kutoka Njombe, na alipokuwa anazipanda kona za milima ya Lukumburu, taa ndogo iliwaka mbele yake katika ubao wa saa, yenye maandishi T-BELT. Hakuna mlio uliobadilika wala moshi uliozidi. Gari lilipanda kama lilivyopanda siku zote. Mtu mwingine angeifunika taa ile kwa kipande cha karatasi akaendelea na safari zake mwaka mzima, na wako waliofanya hivyo. Mwalimu alitazama hesabu ya kilomita akaona kwamba imefika 300,000, akanyamaza mpaka nyumbani.

Taa ile haina macho. Haiuoni mkanda, wala haijui kama mkanda ni mzima au umepasuka. Kazi yake ni kuhesabu kilomita tu, na kila zinapotimia 100,000 huwaka ili kumkumbusha mwenye gari kwamba muda uliowekwa na watengenezaji umekwisha. Katika hili inafanana na kengele ya shule: kengele haijui kama wanafunzi wamefahamu somo, lakini anayeipuuza kila siku atakuja kushangaa siku ya mtihani.

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka 30, na usiku ule alichukua kalamu. Alidhani kwamba gari lake, likienda kilomita 60 kwa saa, injini huzunguka kiasi cha mara 2,000 kwa dakika. Kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika. Basi kila kilomita ina mizunguko 2,000, na kilomita 100,000 zina mizunguko milioni 200. Aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Mkanda wa mpira, ambao mtu anaweza kuukunja kwa mkono mmoja, ulikuwa umeivumilia mizunguko milioni 200 bila kumwomba neno lolote ila taa moja. Kwa hesabu hiyo alijiona mwenye deni.

Inafaa kueleza kazi ya mkanda huo kwa msomaji ambaye hajapata kuiona injini ikiwa wazi. Ndani ya injini mna pistoni zinazopanda na kushuka katika silinda, na juu yake mna vali zinazofunguka kuingiza hewa na kutoa moshi. Pistoni huendeshwa na krenki iliyo chini. Vali husukumwa na kamshafti iliyo juu. Vitu hivi viwili havina budi kwenda kwa mapatano: krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, wala isiwe zaidi wala isiwe pungufu. Mkanda wa taimingi ndio unaoyashika mapatano hayo. Una meno upande wake wa ndani, nayo huingia katika meno ya magurudumu yanayoitwa puli, ili pasiwe na kuteleza. Katika injini ya dizeli kama ile ya Mwalimu, mkanda huo huo huizungusha pampu inayopeleka mafuta katika silinda kwa wakati wake.

Injini ya dizeli huikandamiza hewa kwa nguvu kubwa sana, hata hewa hubanwa katika nafasi iliyo ndogo zaidi ya mara 20 kuliko ya kwanza. Kwa sababu hiyo nafasi kati ya pistoni na vali ni finyu mno. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 25 katika sekunde moja, na pistoni hufika karibu yake na kuondoka bila kuigusa. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama, na vali zilizokuwa wazi hubaki wazi; lakini krenki bado ina kasi, na pistoni hupanda kuzigonga. Vali hupinda, na pengine vitu vingine huvunjika. Hapo gharama haiwi tena ya mkanda, huwa ya injini. Mithali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta haikutungwa kwa ajili ya magari, lakini hakuna fundi ambaye hajaiona ikitimia mbele yake.

Mkanda wa meno haukuzaliwa katika magari. Katika miaka ya 1940, huko Marekani, ulitengenezwa kwa ajili ya cherehani, ili sindano iliyo juu na bobini iliyo chini zisipishane. Zamani injini za magari zilitumia cheni au gia. Mwaka 1962 kampuni ya Glas ya Ujerumani Magharibi ilitoa gari lake la 1004, na hilo ndilo gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na mkanda wa mpira wa kuendesha kamshafti. Mkanda ulipendwa kwa kuwa ni mwepesi, hauna kelele, wala hauhitaji kulainishwa kwa mafuta. Baadaye watengenezaji wengi walirudia cheni katika injini mpya. Magari madogo ya Toyota kama IST, ambayo leo yamejaa katika mitaa ya Songea, hutumia cheni. Lakini magari ya zamani yangali yanatembea, na kila moja lina mkanda wake unaozeeka.

Habari ya cherehani ilimfurahisha mke wa Mwalimu kuliko habari zote nyingine za gari. Yeye ni fundi wa nguo, na cherehani yake ya miguu imekaa barazani tangu watoto wao walipokuwa wadogo. Mumewe alipomsomea jambo hilo, alicheka akasema, "Kumbe gari lako ni mjukuu wa cherehani yangu." Mwalimu naye alicheka, asijue kwamba maneno yale yatamrudia.

Aliamua kuifanya kazi nyumbani. Sababu ya kwanza ilikuwa fedha, maana pensheni ya mwalimu hupimwa kwa kijiko. Sababu ya pili ilikuwa mashaka: alikuwa ameona gari la rafiki yake likirudi kutoka katika gereji moja likiwa bovu kuliko lilivyoingia. Sababu ya tatu hakuitaja, lakini mke wake aliifahamu. Tangu kustaafu kwake, hapakuwa na darasa lililomngojea asubuhi, na mtu aliyezoea kujua jibu mbele ya watu 40 huona upweke anapokosa hata mmoja wa kumwuliza swali.

Msaidizi alikuwepo. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa amemaliza masomo ya ufundi wa magari katika chuo cha VETA mjini Songea, naye alikuwa anaishi nyumbani hapo huku akitafuta kazi. Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono mizuri na maneno machache. Mwalimu alimwambia, "Utanisaidia kushika spana." Kijana akajibu, "Ndiyo, Mjomba." Katika majibu yale mawili, mtaalamu wa nyumba alikwisha kuwa msaidizi, na asiye mtaalamu alikwisha kuwa kiongozi, wala hakuna aliyeona ajabu, maana ndivyo umri unavyogawa vyeo.

Mkanda uliagizwa kwa simu kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, pamoja na gurudumu la kuukazia na sili mbili za mafuta, ukaletwa kwa basi. Kijana aliukagua kwa makini, akaulinganisha maandishi yake na yale ya kitabu cha injini, kwa kuwa soko lina mikanda halisi na mikanda bandia, na zote mbili huvaa nguo za namna moja. Akasema kwamba gurudumu la kukazia lisingalinunuliwa, kazi ingalikuwa nusu. Maana mkanda mpya juu ya beringi iliyochakaa ni kama jembe jipya katika mpini uliooza. Mwalimu aliupenda mfano huo, akauandika.

Jumamosi asubuhi palikuwa na baridi kali. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu hushuka kutoka katika milima ya Matogoro, ambamo Mto Ruvuma huanzia safari yake, ukakaa juu ya mashamba mpaka jua lipate nguvu. Walitandika mkeka mkuukuu chini ya gari, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, wakafungua waya wa betri. Walimwaga maji ya rejeta katika ndoo, wakatoa feni na mikanda ya nje. Kila bolti iliyotoka iliwekwa katika kopo lake, na Mwalimu aliandika juu ya kila kopo mahali bolti zilikotoka. Katika jambo hili alistahili sifa, kwa sababu kazi nyingi za nyumbani huharibika siku ya kurudisha, wala si siku ya kufungua.

Taabu ya siku ya kwanza ilikuwa bolti kubwa ya puli ya krenki. Ilikuwa imekazwa na miaka pamoja na kutu, na kila walipoivuta injini nzima ilizunguka nayo. Kijana alimwomba mjomba wake apande garini, aingize gia ya juu na kukanyaga breki kwa nguvu zake zote, ili injini isizunguke. Kisha akavika bomba la chuma katika mkono wa spana kuurefusha, akautegemea kwa uzito wa mwili wake. Mara ya nne bolti ilitoa mlio kama wa mti unaopasuka, ikalegea. Mwalimu alitoka garini akiwa na jasho usoni katika baridi ile, na wote wawili walicheka kama watoto.

Walipofungua kifuniko, mkanda ulionekana. Maandishi ya mgongoni mwake yalikuwa yamefutika, na mizizi ya meno kadhaa ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Yule aliyemwuzia Mwalimu gari alikuwa ameapa kwamba mkanda ulibadilishwa karibuni. Kama alisema kweli au kama naye alidanganywa na mwingine, mkanda haukutoa ushahidi. Mwalimu aliushika kwa vidole viwili akasema, "Umenivumilia." Hakusema zaidi.

Kosa lilizaliwa siku ya pili, nalo lilizaliwa katika jambo ambalo Mwalimu alilijua kuliko mambo yote, yaani kuhesabu. Katika kila injini watengenezaji huweka alama: kijinafasi katika puli ya krenki, kingine katika puli ya kamshafti, na kingine katika puli ya pampu, kila kimoja kikiwa na mwenzake katika mwili wa injini. Alama zote zinapokutana, ndipo mkanda hutolewa na mwingine huvikwa. Alama hizo zilikuwepo, lakini zilikuwa ndogo na zimejaa masizi. Mwalimu aliona njia iliyo bora zaidi kwake. Alichukua chaki nyeupe, akatia alama katika mkanda wa zamani na katika puli zote, akahesabu meno kati ya alama na alama, akayaandika, kisha akauhamishia mkanda mpya hesabu ile ile kwa chaki ile ile.

Kijana alisema kwa sauti ndogo, "Mjomba, chuoni tulifundishwa kufuata alama za kiwanda."

Mwalimu alimjibu bila kugeuka, "Nimehesabu mara tatu. Hesabu haina chuo."

Basi kijana alinyamaza. Chaki ni rafiki wa ubao mkavu; si rafiki wa vidole vyenye mafuta. Wakati mkanda mpya ulipokuwa unapita mkononi, alama moja ilifutika nusu, na Mwalimu akaitengeneza upya mahali alipodhani kuwa ndipo, akapitisha jino moja. Alipouvika mkanda, alama ya chaki ilikataa kukutana na puli ya kamshafti. Akaisogeza puli kidogo kwa spana mpaka zikakutana. Alama nyeupe zote zilikaa mahali pake, zikapendeza machoni kama zoezi lililosahihishwa. Lakini kijana, aliyekuwa ameinama upande wa pili, alikiona kile kijinafasi cha kiwanda katika puli ya kamshafti, na akaona kwamba kimepita mwenzake kwa jino moja. Alifungua kinywa, kisha akakifunga. Akaendelea kushika taa.

Haiyumkini kumlaumu kijana huyu upesi. Alikuwa amelelewa kwa mithali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye alikuwa amesikia la mkuu. Alikula katika nyumba ya mjomba wake, alilala chini ya bati lake, na ada ya chuo alilipiwa na pensheni ile ile. Kumwambia mtu wa namna hiyo mara ya pili kwamba amekosea ni mzigo, na mzigo huo kila anayelelewa na wengine anaujua uzito wake. Alijipa matumaini kwamba huenda macho yake ndiyo yaliyopotoka, au kwamba jino moja si kitu.

Jino moja ni kitu. Yamkini gari lingaliwaka, likatembea bila nguvu, likatoa moshi na kula mafuta kupita kiasi. Na vali zingalifunguka mapema au kwa kuchelewa, zikikaribiana na pistoni mahali palipokuwa hapana nafasi ya kutosha. Mkanda ukiruka jino jingine juu ya hilo, hasara ingalikamilika. Injini haijui heshima. Haimtambui mjomba wala mpwa, haitofautishi kosa la mzee na kosa la kijana. Hutoza yote kwa bei moja.

Ilipokaribia saa kumi na moja ya jioni alikuja jirani. Mama yake alikuwa na siku ya kuonwa na daktari asubuhi iliyofuata katika hospitali ya Peramiho, kilomita zipatazo 25 kutoka mjini, naye hakuweza kupanda pikipiki wala kusimama katika daladala. Jirani alisimama kwa adabu, akitazama feni iliyolala juu ya mkeka, akauliza kama gari litakuwa tayari.

Mwalimu alisema, "Litakuwa tayari usiku huu. Tunalirudishia vifuniko, kisha tunaliwasha."

Katika neno lile palikuwa na wema na haraka pamoja. Ni vigumu kuikataa haraka iliyovaa nguo za wema. Kijana aliokota kifuniko, mikono yake ikawa mizito.

Mke wa Mwalimu alikuwa barazani, akitia uzi katika cherehani. Aliuliza, kama mtu aulizaye habari ya chumvi, "Mwalimu, mmelizungusha kwa mkono kwanza?"

"Kuzungusha nini?"

"Hiyo mashine yenu. Mimi nikibadilisha sindano au nikifungua chini, sikanyagi. Nazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mara moja, mara mbili, niione sindano ikishuka na kupanda. Kama imekosea njia, nitaisikia kwa mkono kabla haijavunjika. Nikikanyaga kwanza, nitaisikia ikiwa imevunjika."

Mwalimu alisimama. Ndani ya kitabu cha injini, ambacho alikuwa amekisoma usiku wa Ijumaa, shauri lile lile lilikuwa limeandikwa: kwamba baada ya kuvika mkanda, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, kuelekea upande inaokwenda, kisha alama zitazamwe upya. Alikuwa amelisoma na kulipigia mstari, na katika haraka ya jioni akalisahau. Aligeuka kumtazama mpwa wake, akaona kwamba kijana hakuwa anautazama mkanda, bali alikuwa anatazama chini.

Walitia spana katika bolti ya krenki, wakazungusha polepole. Injini iliguna kwa pumzi za pistoni zake. Mzunguko mmoja, halafu wa pili. Na alama ya krenki ikarudi mahali pake. Lakini alama za chaki hazikurudi. Alama nyeupe za mkanda zilikuwa zimekwenda kwingine kabisa, kwa kuwa mkanda una meno mengi kuliko puli, na mizunguko miwili haitoshi kuurudisha ulikotoka. Chaki ilikuwa imekwisha kazi yake, wala haikuweza tena kumtetea mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kile kijinafasi kidogo chenye masizi, nacho kilikuwa kimepita mwenzake kwa jino moja.

Kwa muda hapana aliyesema. Kisha Mwalimu akauliza, "Uliona?"

"Niliona, Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipouvika."

"Mbona hukusema?"

Kijana alijipangusa mikono kwa kitambaa ambacho hakikuweza kuisafisha tena. "Nilisema mara moja, Mjomba. Mara ya pili niliona haya."

Katika miaka yake yote ya kufundisha, Mwalimu alikuwa amewaadhibu wanafunzi wengi kwa kusema bila kuulizwa. Hakupata kumwadhibu hata mmoja kwa kunyamaza. Alikuwa akiyaita madarasa yaliyonyamaza madarasa mema, na kimya chao alikihesabu kuwa ni ushahidi kwamba wamefahamu. Sasa, akiwa na spana mkononi na giza linashuka juu ya Mshangano, alijiuliza ni mara ngapi kijinafasi kilikuwa kimepita mwenzake mbele ya macho ya watoto 40, na watoto 40 wakaona haya.

Hakukasirika, au kama alikasirika, hasira yake haikumwelekea kijana. Alimpa spana, akachukua taa. "Mimi nitakumulikia," alisema. "Wewe fanya, na kila utakalofanya nieleze."

Kijana alilegeza gurudumu la kukazia, akautoa mkanda, akairudisha kamshafti jino moja mpaka alama za kiwanda zikakutana. Alisafisha kila alama kwa mafuta ya taa, akaipaka nukta ya rangi nyeupe ya kucha aliyoiomba kwa mama mwenye nyumba. Alieleza kwamba upande wa mkanda usio na gurudumu la kukazia sharti uvutwe ukae imara kwanza, ili ulegevu wote uende upande wa gurudumu. Akaeleza kwamba puli ya pampu ina ukaidi wake, kwa kuwa nguvu ya springi zilizo ndani huisukuma itoke katika alama, na mtu hana budi kuishika huku mkanda ukivikwa. Sauti yake, iliyokuwa ndogo tangu Jumamosi, iliongezeka kidogo kidogo. Mwalimu alimulika, akauliza maswali, na mara mbili kijana alimjibu, "Hapana, Mjomba, siyo hivyo." Mara zote mbili mbingu hazikuanguka.

Walizungusha tena kwa mkono, mara mbili kamili. Alama zilikutana zote tatu. Mwalimu alisema, "Zungusha tena mara mbili." Alama zilikutana tena. Ndipo wakarudisha kifuniko, puli, feni na rejeta, makopo yakitoa bolti zake kwa mpango, na hapana bolti iliyobaki bila mahali.

Saa nne ya usiku injini iliwaka. Iliguna, ikatoa moshi kidogo wa kwanza, kisha ikatulia katika mlio wake wa siku zote, ambao nyumba ile iliujua kama inavyojua kikohozi cha mwenye nyumba. Jirani alitoka nje ya nyumba yake akiwa amejifunika blanketi, akapunga mkono. Taa ya T-BELT ilikuwa ingali inawaka, kwa kuwa haizimiki yenyewe. Lazima kilicho nyuma ya ubao wa saa kirudishwe kwa mkono. Kijana alitaka kuirudisha usiku ule. Mwalimu alisema ingoje mpaka gari litakaporudi kutoka Peramiho, maana si vema kuizima taa kabla ya kazi kushuhudiwa na njia.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Mama mgonjwa aliketishwa mbele, akafunikwa kanga mbili. Mwalimu alizunguka gari mara moja kama desturi yake, akaufikia mlango wa dereva, kisha akasimama akautoa ufunguo mfukoni na kumpa mpwa wake. Yeye alipanda nyuma.

Walipokuwa njiani, gari likipanda vilima kwa nguvu zake za zamani, mama yule alisifu mwendo wake, akamshukuru Mwalimu kwa kulitengeneza. Mwalimu alisogea mbele ili sauti yake isikike juu ya injini, akasema, "Mimi nilikosea jino moja, Mama. Huyu ndiye aliyelitengeneza."

Kijana hakusema neno. Lakini safari hii hakunyamaza kwa haya.